Kipi kizimwe kwanza

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa katikati ya fedha za watu. Mzazi yuko Songea, mtoto anasoma Dodoma, ada inalipwa kwa simu. Kati ya simu ya mzazi na akaunti ya shule ipo kampuni kama yetu, hapa Dar es Salaam, inayopokea taarifa ya malipo kutoka mtandao wa simu, inaioanisha na mwanafunzi husika, inaijulisha benki, kisha inamrudishia mzazi ujumbe kwamba ada imepokelewa. Mambo yakienda sawa hakuna anayejua kama tupo duniani. Yakienda kombo tunajulikana mpaka kwa watu wasio na mtoto shuleni.

Mwanzoni mwa Januari, shule zinapofunguliwa, ndipo kazi inapotuelemea kuliko kipindi kingine chochote, na ndipo tuliposhambuliwa. Aliyetupiga ama alikuwa na kalenda ya shule mkononi, ama alibahatisha vizuri sana. Mimi naamini la kwanza.

Watu wakisikia shambulio la DDoS, yaani la kuzamisha huduma kwa wingi wa maombi, hufikiria yale makubwa ya kuvunja rekodi. Februari 2018, kwa mfano, GitHub ilipigwa na wimbi la terabiti 1.35 kwa sekunde. Letu halikuwa la namna hiyo. Laini yetu ya intaneti ilikuwa na nafasi tele usiku ule. Yaliyokuwa yanaingia ni maombi ya kawaida kabisa, yenye adabu zote, yakielekea kwenye ukurasa mmoja tu: ule wa kutafuta shule kwa jina. Mtu anaandika herufi mbili, tuseme "ma", na mfumo unapekua kila jina la shule lenye herufi hizo mahali popote, unahesabu wanafunzi wake, unapanga orodha, unairudisha. Kuuliza hakumgharimu mtu chochote. Kujibu kunaigharimu jasho kanzidata, yaani ile hazina ya taarifa zote za mfumo. Sasa iletee "ma", "sa", "ki", "mu" kutoka kwenye anwani zilizotawanyika nchi chungu nzima, bila kupumzika, halafu uone.

Kilichotushangaza si ukurasa wa kutafuta kufa. Huo ulistahili kufa. Kilichotushangaza ni kwamba malipo nayo yalisimama, ilhali taarifa za malipo haziji kwa njia ya intaneti ya wazi. Mitandao ya simu tumeunganishwa nayo kwa njia za faragha ambazo mshambuliaji hakuwa na namna ya kuzifikia, na wala hakuzifikia. Lakini nyuma ya pazia kila kitu kilikuwa kinachota kutoka fungu moja. Kanzidata ina idadi maalumu ya miunganisho inayoweza kuihudumia kwa wakati mmoja, na waliojenga mfumo ule miaka ya mwanzo, kampuni ikiwa na shule chache, hawakuona sababu ya kugawa fungu hilo. Maombi ya kutafuta shule yakashika miunganisho yote, na taarifa za malipo zikabaki mlangoni. Ni zile nyumba zetu za kupanga zenye mita moja ya umeme: mpangaji wa chumba cha uani akichomeka pasi na jiko kwa pamoja, giza linaingia mpaka kwa mwenye nyumba.

Halafu likaja wimbi la pili, na hilo halikutoka kwa adui. Mzazi aliyekatwa fedha bila kupata ujumbe hatulii. Anarudi kwenye menyu, nyota mwanzo na reli mwisho, analipa tena. Anapiga simu huduma kwa wateja. Anamwambia na jirani. Mitandao ya simu nayo, kwa utaratibu wake, ikituma taarifa isipojibiwa ndani ya sekunde chache inaituma upya, na upya tena. Baada ya muda nilikuwa natazama grafu mbili kwenye skrini, ya maombi ya mshambuliaji na ya maombi ya halali, na ile ya halali ilikuwa inapanda kuliko mwenzake. Tungeweza kumziba mshambuliaji kabisa na bado tusisimame, kwa sababu sasa tulikuwa tunazamishwa na wateja wetu wenyewe.

Aliyekuwa zamu ni dada mmoja mdogo kwa umri, mwenye akili ya kutulia. Alimpigia meneja akaweka simu sauti ya wazi.

"Bosi, naomba ruhusa nizime utafutaji wa shule."

"Ukizima, shule mpya zitalipwaje? Wazazi wapya hawana namba ya malipo."

"Kwa sasa bosi hata wenye namba hawalipi."

Kimya kidogo. "Zima. Nitaongea nao asubuhi."

Akazima. Ukurasa wa kutafuta ukabadilishwa kuwa maandishi matupu yasiyogusa kanzidata, yanayosema huduma hiyo imesitishwa kwa muda, mwenye namba ya malipo aendelee kulipa. Maombi ya "ma" na "sa" yaliendelea kumiminika kwenye maandishi hayo matupu mpaka karibu na alfajiri, na malipo yaliendelea kupita. Mshambuliaji hakuwa ameshindwa. Alikuwa bado anashambulia, tena kwa nguvu ileile. Tulichokuwa tumefanya ni kumpa kile tulichoweza kukipoteza.

Tangu hapo nimeacha kuvutiwa na mtu anayeniambia mfumo wake una ulinzi wa tabaka saba. Namuuliza: ukizidiwa, kipi kinazimwa kwanza, na nani ana ruhusa ya kukizima bila kumwamsha mtu?

Kikao cha kujibu swali hilo kwetu kilikuwa kigumu kuliko kazi yote ya kiufundi iliyofuata. Tulikaa na watu wa biashara, wa fedha, wa huduma kwa wateja, tukaandika ubaoni kila kitu ambacho mfumo unafanya, tukaombana tupange kutoka cha kufa kwanza hadi cha kufa mwisho. Kila idara ikaleta hoja kwamba yake haigusiki. Risiti za kuchapa? Wahasibu wa shule wanazitaka. Ripoti za kila saa? Benki inazitaka. Ikabidi tubadilishe swali, tuulize: kikizimwa kwa muda wa saa sita, nani ataumia kiasi kwamba kesho hatutaweza kurekebisha? Hapo ubao ukaanza kusafishika. Risiti inaweza kuchapwa kesho. Ripoti inaweza kuja kesho. Malipo ambayo hayakuandikwa popote hayawezi kurekebishwa kesho, kwa sababu hakuna ushahidi kwamba yalikuwepo. Mwisho tulibaki na jambo moja chini kabisa ya orodha: kuandika kwamba fedha hii, kwa namba hii, imepokelewa saa hii. Mengine yote yalikuwa na bei.

Cha kwanza kufa, kwa kura za wengi, kilikuwa ile skrini ya mkurugenzi inayoonyesha mapato yakipanda dakika kwa dakika, maana nayo inachota kwenye kanzidata bila huruma. Mkurugenzi ni mzee muungwana. Akauliza, "Sasa nitajuaje kama kazi inaendelea?"

"Shikamoo mzee," akasema kijana wa fedha, na chumba kikacheka. "Tutakupigia simu."

Akakubali. Huwa nasimulia hili kwa sababu nimeona makampuni ambako jambo dogo kama hilo limeshindikana, na skrini ya mkubwa ndiyo inayolindwa hadi mwisho huku wateja wamekwama.

Kiufundi, tuligawa fungu. Kila huduma ikapewa miunganisho yake, ikiisha imeisha, haiwezi kuazima ya jirani. Kisha tukajenga kitu tunachokiita daftari la mapokezi. Ni programu ndogo kwenye mashine yake yenyewe, yenye kazi moja: inapokea taarifa ya malipo, inaiandika kwenye diski mstari kwa mstari, inapeleka nakala ya mstari huo kwenye mashine nyingine iliyo jengo jingine, inajibu "imepokelewa". Haijui jina la mwanafunzi. Haiijui shule. Haiigusi kanzidata kuu. Kanzidata ikiwa hai inakuja kuchukua mistari kwa kasi inayoiweza. Ikiwa imekufa mistari inasubiri. Programu isiyojua mambo mengi haina pengi pa kuvunjiwa, na hiyo yetu hata mtu mpya anaisoma yote kabla ya chai ya saa nne.

Hilo la mitandao ya simu kurudia kutuma nalo likapata dawa. Kila muamala unakuja na namba yake isiyofanana na nyingine. Daftari likiona namba ileile mara ya pili linajibu "nimeshaipokea" na haliandiki tena. Upande wetu, tunapojaribu kuifikia benki na haijibu, tunangoja kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi, na kila mashine inangoja muda wake tofauti kidogo ili zisije zikaamka zote kwa pamoja. Mzazi aliyelipa mara mbili kwa hofu ni suala jingine, maana hiyo ni miamala miwili ya kweli yenye namba mbili. Hao tunawaweka pembeni: mtoto mmoja, kiasi kilekile, dakika chache, basi mtu aitazame kwa macho yake kabla fedha haijaenda shuleni. Tulijaribu kuiachia mashine iamue. Tukarudisha kwa binadamu.

Kuna uamuzi mwingine ambao naona wajenzi wengi wanaupita haraka. Mlango ukiharibika, ubaki wazi au ubaki umefungwa? Hakuna jibu moja. Kwetu kupokea fedha kunabaki wazi: mfumo ukiwa mgonjwa tunaendelea kupokea na kuandika. Kutoa fedha, yaani kurejesha malipo, kubadilisha akaunti ya shule, kuongeza mtumiaji mpya mwenye madaraka, kunajifunga. Mfumo ukiingia kwenye hali ya dharura, viwango vya fedha inayoweza kutoka vinashuka na anayetaka kuvipandisha anahitaji watu wawili waliopo ofisini kwa miili yao. Sababu ni kwamba kelele ni pazia zuri. Watu wote wakiwa wanakimbizana na moto wa mbele, mtu anaingia kwa nyuma na ombi dogo, la heshima, la kusaidia.

Usiku uleule wa Januari simu ya ofisi iliita. Sauti ya mwanamume, tulivu, Kiswahili safi. "Habari za kazi kaka, poleni sana. Mimi nipo upande wa benki, tumeona mna msongamano. Tunataka tuwahamishie kwenye njia ya akiba, nitajie tu zile namba zilizokuja kwenye simu yako sasa hivi." Kijana aliyepokea alikuwa na muda mfupi kazini. Akamwambia, "Asante kaka, nakata, nitakupigia kwa namba yenu niliyonayo ukutani." Yule akasema namba hiyo haifanyi kazi usiku. Kijana akakata. Alipopiga ile ya ukutani, wa benki hakujua lolote kuhusu njia ya akiba. Sina ushahidi kwamba mpigaji na mshambuliaji ni kitu kimoja, na sikuutafuta sana. Nilichofanya ni kuongeza maandishi ya ile karatasi ya ukutani yawe makubwa.

Karatasi hiyo ina historia yake. Tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa takriban saa sita. Halikuwa shambulio, walifanya badiliko kwenye mtandao wao wa ndani wakajikata wenyewe na dunia, na hata zana walizozitegemea kujitengeneza zikawa ndani ya kile kilichokatika. Huku kwetu watu wengi walichukulia ni usiku wa kupumzika na magrupu. Mimi nilikaa nikafikiri: grupu letu la dharura liko wapi? WhatsApp. Namba za watu wa zamu ziko wapi? Zimebandikwa kwenye grupu. Kesho yake tukachapa namba, tukazibandika ukutani na ndani ya mlango wa kabati la seva, na kila wa zamu ana nakala nyumbani. Hata njia ya mafundi kuingia kwenye mashine tuliitenganisha na njia ya wateja. Ina laini yake ndogo kutoka kampuni nyingine ya intaneti. Ni ya kasi ya konokono na inatosha.

Julai 2023 wenzetu wa Nairobi walipitia kikubwa zaidi. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuishambulia e-Citizen, jukwaa la serikali ya Kenya ambalo wakati huo lilikuwa limebeba huduma zaidi ya 5,000, kuanzia pasipoti hadi leseni. Wananchi walilalamika pia kuhusu M-Pesa, ununuzi wa umeme na tiketi za treni. Serikali ilikiri shambulio na kusema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuendesha kundi hilo.

Wengi walijadili nani kafanya na kwa nini. Mimi nilivutiwa na jambo moja dogo katika habari zile: kwa kuwa maombi ya viza ya mtandaoni yalikuwa hayapatikani, serikali ilitangaza kwamba wageni wanaostahili watapewa viza wakifika. Huo ndio usanifu ninaouzungumzia, hata kama aliyetoa agizo hakuufikiria hivyo. Mtu alikaa akaamua kwamba mgeni kuingia nchini ni jambo lisilosimama, na fomu ya mtandaoni ni namna moja tu ya kulifanya. Fundisho la upande wa pili ni gumu zaidi kulimeza. Ukiweka huduma 5,000 nyuma ya mlango mmoja umerahisisha maisha ya mwananchi, na umemrahisishia adui pia. Sisemi zisiwekwe pamoja. Nasema anayeziweka pamoja aandike ukurasa wa pili wa mpango: mlango huu ukizibwa, zipi zina dirisha.

Mashambulizi ya kuzamisha yana huruma kwa namna fulani: yakiisha, data ipo. Yale ya kufunga mafaili na kudai fidia hayana. Kwa hayo nilijifunza zaidi kutoka kwa rafiki anayesimamia kompyuta za hospitali moja binafsi. Aliniita tukae naye apange upya, baada ya kusoma yaliyowapata huduma ya afya ya Ireland, HSE. Tarehe 14 Mei 2021 mitambo yao nchi nzima ilizimwa baada ya programu ya fidia ya Conti kufyatuka. Uchunguzi uliochapishwa Desemba mwaka huo ulionyesha wavamizi walikuwa ndani tangu tarehe 18 Machi, mfanyakazi mmoja alipofungua faili la Excel lililokuja kwa barua pepe. Wiki nane. Fikiria bekapu zenu, yaani nakala za akiba za data. Zile za wiki iliyopita zina mvamizi ndani yake. Ukizirudisha unamrudisha na yeye. Na kubwa kuliko yote, wahalifu walitoa ufunguo bure baada ya siku chache, na bado hadi Septemba ndipo seva zote zikasemekana zimefunguliwa. Kwa hiyo anayesema "tukitekwa tutalipa tu" hajui anachonunua.

Tulipofika wodini kuzungumzia fomu za karatasi, muuguzi mkuu, mama mtu mzima, alitusikiliza kwa subira kisha akasema, "Wanangu, sisi tulikuwa tunaandika kwenye makaratasi kabla hamjazaliwa. Kuandika si shida. Shida ni kurudi." Akatuonyesha. Umeme wa seva ulipowahi kukatika siku nzima, maabara iliandika sampuli kwa majina. Mfumo uliporudi walikuwemo akina Asha Juma watatu. Majibu yalikaa siku kadhaa bila mwenyewe, na damu ikabidi itolewe upya.

Kwa hiyo tukaanzia kwenye kurudi. Zilichapwa stika zenye namba za muda zilizotanguliwa na herufi ambayo mfumo wa kawaida hauitumii kamwe, zikawekwa bahasha kwa bahasha kila wodi. Dharura ikitokea, mgonjwa anabandikwa stika, sampuli yake stika ileile, dawa yake stika ileile, na mfumo ukirudi una sehemu ya kuingizia namba hiyo na kuiunganisha na faili la kweli. Kila usiku orodha ya waliolazwa, dawa zao na mzio wao inachapwa kwenye karatasi na kuwekwa kwenye droo ya muuguzi wa zamu, asubuhi inachanwa. Teknolojia ya karatasi na droo. Rafiki yangu aliona aibu kidogo kuiandika kwenye ripoti ya bodi. Nikamwambia kampuni ya alumini ya Norway, Norsk Hydro, ilipotekwa Machi 2019 ilikataa kulipa fidia, ikaendesha sehemu ya uzalishaji kwa mkono na kwa maelekezo ya karatasi. Akaandika.

Kuhusu bekapu, hakuna kisa ninachokirudia kama cha Maersk. Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya, iliyoanzia Ukraine, ilisambaa kwenye mtandao wa kampuni hiyo ya meli duniani kote. Seva zao zinazohifadhi ramani ya watumiaji na ruhusa zote zilikuwa takriban 150, zikinakiliana saa zote, na kwa mpango huo walijiona salama. Zote zilifutwa, isipokuwa moja ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika ofisini kabla ya shambulio. Laini ya Ghana ilikuwa nyembamba mno kuituma data ile Uingereza, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza. Ikabidi mmoja asafiri na diski hadi Nigeria, akutane uwanja wa ndege na mwenzake, huyo wa pili apande ndege kwenda London. Kampuni ilisema baadaye kwamba ilisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10, na kwamba kiasi cha mizigo kilishuka asilimia 20 tu katika kipindi hicho.

Sisi wa huku tunaojua kukatika kwa umeme tunacheka, na tuna haki. Lakini kisa kina jambo zito. Nakala zinazofuatana saa zote zinakulinda diski ikiungua. Adui akitoa amri ya kufuta, amri nayo inanakiliwa. Tangu nilipokielewa hicho, nina nakala moja ambayo mfumo hauwezi kuifikia hata ukitaka. Diski inachomolewa, inafungiwa kwenye sanduku, inabadilishwa kwa zamu, na zipo za miezi ya nyuma. Kila robo mwaka tunachukua moja bila kuchagua na kuirudisha kwenye mashine tupu isiyo na chochote, dada yule wa zamu akiwa na saa mkononi. Kwenye zoezi la namna hiyo ndipo ilipoonekana kwamba ufunguo wa kufungulia bekapu ulikuwa umehifadhiwa ndani ya mfumo uleule ambao bekapu inaulinda. Sasa uko kwenye bahasha, benki.

Tarehe 12 Mei 2024 tulipata zoezi tusilolipanga. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kusini, pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaanza kutambaa. Hapakuwa na adui, ila mfumo hauna namna ya kutofautisha. Menyu ya simu iliendelea bila kutikisika, kwa sababu njia yake yote iko nchini. Daftari la mapokezi likawa hivyohivyo. Kilichokwama ni wafanyakazi wetu kuingia kwenye mfumo wa ndani, kwa kuwa huduma inayothibitisha nywila zao iko ng'ambo. Mashine zote zilikuwa nzima, zinapumua, na hakuna binadamu aliyeweza kuzigusa kwa njia ya kawaida. Tulitumia ile laini ya konokono. Wiki iliyofuata tulichora ramani ya kila kitu tunachokitegemea nje ya jengo letu, na ilijaa ukuta: huduma ya kutuma SMS, ya saa, ya majina ya tovuti, ya ramani kwenye ukurasa wa mawasiliano ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliiweka. Ramani hiyo ya mawasiliano tumeitoa kabisa.

Majina ya tovuti, yaani huduma inayoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, tumeyaweka kwa watoa huduma wawili tofauti. Oktoba 2016 kampuni ya Dyn, iliyokuwa inatoa huduma hiyo, ilipopigwa kwa kamera na vifaa vya nyumbani vilivyotekwa na programu haribifu ya Mirai, Twitter, Netflix na Spotify zilitoweka kwa watu wengi ilhali seva zao hazikuwa na tatizo lolote. Kuwa na wa pili ni gharama ndogo.

Gharama nyingine si ndogo, na hapa sina maneno ya kumpamba mtu. Mashine za akiba zinakaa bila kazi, laini ya pili inalipiwa kila mwezi, na kila bajeti ikija kuna mtu anauliza kwa nini. Mwaka huu tumekata kitu kimoja sisi wenyewe. Kusajili shule mpya kunahitaji kuhakiki vitambulisho vya wenye akaunti kutoka chanzo kimoja tu, na tulikuwa tumeanza kujenga njia ya kusajili kwa muda chanzo hicho kikiwa hakipatikani. Tulipoipitia tukaona ni mlango wa nyuma tunaojitengenezea: adui angekizamisha chanzo makusudi ili asajili akaunti bila kuhakikiwa. Tukaifuta. Chanzo kikilala, shule mpya inasubiri kikiamka. Watu wa mauzo bado wamenuna.